Shambulizi Lililoitwa Oleta

Kambi ya Mnara Namba Nane,
karibu na Gillette, Wyoming
5 Agosti 1979

Mpwa wangu Lyle,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mkeo Nadine, na mama yako Oleta pamoja na magoti yake. Mimi ni mzima ila mgongo. Huku tunachimba mafuta usiku na mchana, na upepo hauna kazi nyingine ila kuvuma. Kuna simu moja na watu sabini, na hata zamu yangu ikifika nasahau nilichotaka kusema. Kwa hiyo naandika. Uvumilie mwandiko, shule niliiacha darasa la nane na yenyewe haikunifuata.

Mama yako ameniandikia kwamba shule ya Tolliver imekupa kazi ya kupanga mashambulizi ya timu ya mpira wa Kimarekani. Nilisoma mara tatu. Wewe, niliyekufundisha kufunga kamba za viatu! Sasa kila mpira ukiwekwa chini ni wewe utakayesema nani akimbie nao, nani aurushe, nani aupokee. Najua mji ule. Miaka tisa wameangalia mbio, mbio, mbio, kisha teke la kuwaachia wapinzani mpira. Wamechoka. Watakutazamia wewe kama mvua.

Neno moja tu. Kuwa na adabu kwa Hollis Beem. Amewafundisha wale wanene wa ukuta wa mbele, wanaomkinga mrushaji, kwa miaka ishirini na miwili, na wengi walidhani kazi hiyo ingekuwa yake. Yeye mwenyewe alidhani.

Mjomba wako,
Verlin Stokes

&nbsp;

Tolliver, Texas
28 Agosti 1979

Mjomba Verlin,

Barua yako imefika na mchanga ndani ya bahasha. Mama anakusalimu. Magoti yale yale, lakini bado anapika shuleni kila siku na hataki kusikia habari ya kupumzika. Joto ni kali mno, vijana wanatapika mazoezini, na Kocha Mkuu anasema ndivyo inavyotakiwa.

Mjomba, siwezi kutembea mji huu. Kinyozi alinikata nywele huku akinichorea mashambulizi shingoni kwa ncha ya wembe. Mchungaji aliniombea Jumapili kwa jina, akamwomba Mungu alinde mkono wa mrushaji wetu, hasa kwenye jaribio la tatu, pale timu inapokaribia kupoteza mpira. Jana niliingia mgahawa wa Thelma kula mikate ya moto na mchuzi, wazee wa meza ya dirishani wakanigeukia wote.

"Kijana, mwaka huu tunarusha?"

"Tunarusha, mzee."

"Mara ngapi?"

"Kadiri itakavyohitajika."

"Hilo si jibu, hiyo ni hotuba. Nimekuuliza namba."

Thelma akasema, "Mwacheni ale, atawarushia sahani." Wakacheka, lakini hawakuniondolea macho mpaka nikatoka.

Hollis hana neno na mimi. Ananijibu "ndiyo, Kocha," na mimi alinifundisha nikiwa na miaka kumi na tano. Afadhali angenitukana.

Mpwa wako,
Lyle

&nbsp;

Kambi ya Mnara Namba Nane
16 Septemba 1979

Mpwa wangu Lyle,

Salamu nyingi kwako na kwa mama yako. Umeandika kurasa mbili na hukumtaja Nadine. Hajambo?

Wiki hii bomba lilinibana kidole. Kucha imetoka, kidole kimebaki. Nashukuru.

Mama yako amenipa matokeo. Mmeshinda moja, mmeshindwa moja, na siku ya kushindwa mlirusha mara thelathini na moja. Mara thelathini na moja, Lyle! Katika siku zangu tulirusha mara nne msimu mzima, na mbili kati ya hizo zilikuwa bahati mbaya.

Nikwambie kinachonisumbua huku. Zamu yangu ina mtu aitwaye Odell Crane, mtu wa Quade. Ndiyo, Quade ile ile, maili kumi na nane kutoka kwetu, nami nimekuja mpaka Wyoming kukutana naye. Tunashika koleo moja la mabomba kwa muda wa saa kumi na mbili kila siku, yeye upande ule, mimi upande huu. Ni mchapakazi, sitamsingizia. Lakini mdomo!

"Stokes, huyo mpwa wako anarusha mpira kama mtu anayefukuza nyuki."

"Ngoja tarehe kumi na tisa Oktoba, tukikutana nanyi."

"Mwaka jana mlisema ngoja. Mwaka juzi mlisema ngoja. Nyinyi Tolliver si timu, nyinyi ni foleni."

Bwalo zima linacheka. Ni miaka sita sasa Quade wanatupiga. Mpwa wangu, nitumie kitu cha kunipa moyo. Chochote.

Mjomba wako,
Verlin

&nbsp;

Tolliver
2 Oktoba 1979

Mjomba Verlin,

Pole na kidole. Mama amesema uweke mafuta ya nguruwe na uache kulalamika.

Tumeshinda mbili, tumeshindwa tatu. Baada ya ile ya tatu niliamka nikakuta kibao kimesimikwa kwenye nyasi za mbele ya nyumba yangu: NYUMBA INAUZWA. Unajua ni utani wao wa siku zote kwa kocha anayeshindwa. Hata mimi nikiwa kijana nilisimika kimoja kwa mtu. Nilidhani ni kitu cha kuchekesha.

Sasa sikiliza. Nimepata kitu kwa ajili ya Quade. Kila mtu anakimbilia kulia kama wanafunzi waliosikia kengele ya chakula. Ukuta wote kulia, mkimbiaji kulia, mrushaji kulia na mpira mkononi. Mtu mmoja tu, wa mwisho kushoto, anaanguka kama aliyejikwaa. Anahesabu moja, mbili, anaamka na kwenda zake peke yake, hakuna anayemwona. Mpira unamfuata. Dalili ni moja tu, kwamba huyo wa kushoto anasimama hatua mbili nje kuliko kawaida, na hakuna wa kuliona hilo asiyeambiwa.

Nimeliita Oleta. Unakumbuka Mama anavyofanya pale shuleni, watoto wote wamejipanga mbele na yeye anatoka mlango wa nyuma? Ndilo hilo.

Nimekuchorea kwenye karatasi ya pili. Wanaolijua ni Kocha Mkuu, Hollis, mimi, na sasa wewe. Vijana nitawafundisha Alhamisi, siku moja kabla. Usimwonyeshe mtu, mjomba. Ni la moyo wako tu.

Lyle

&nbsp;

Tolliver
21 Oktoba 1979

Mjomba,

Natumaini u mzima. Sijapata barua yako tangu nikutumie ile yangu. Mama yuko kitandani, si magoti, hataki tu kutoka.

Najua Odell amekwisha kukwambia: thelathini na nne kwa sita. Lakini hakukwambia hili. Tuliita Oleta mara ya kwanza tukiwa nyuma kwa pointi moja tu, watu elfu tatu wamesimama. Kijana wetu wa kushoto akasogea hatua zake mbili. Kabla mpira haujaondoka chini, ukuta wote wa Quade ukaanza kupiga kelele: "Oleta! Oleta! Oleta!" Wawili wakamkimbilia kabla hajaanguka. Wakaunyaka mpira na kukimbia nao mpaka mwisho wa uwanja.

Walijua jina, mjomba. Dalili mtu anaweza kuotea. Jina haliotewi.

Na Mama alikuwa amekaa safu ya tano na blanketi lake magotini. Alisikia vijana wa Quade wakiliimba jina lake, kisha mashabiki wao wakalidaka, jukwaa zima, mpaka mchezo ukaisha. Hakujua ni kwa nini. Alidhani amefanya kosa fulani. Aliniuliza njiani, "Lyle, wale watu nimewakosea nini?"

Kuna mtu ametuuza. Namfikiria mmoja tu. Hollis ana shemeji Quade, na Jumatano alikula kwake. Nje yetu sisi ulikuwa nalo wewe peke yako, nawe uko maili elfu moja, namshukuru Mungu.

Niandikie.

Lyle

&nbsp;

Kambi ya Mnara Namba Nane
29 Oktoba 1979

Mpwa wangu Lyle,

Salamu kwako na kwa mama yako. Mwambie asitoke kitandani mpaka ajisikie, au atoke, vyovyote anavyoona yeye.

Huku theluji ya kwanza imeanguka. Tumebadilisha kamba kuu ya mnara, kazi ya siku mbili. Wamembadilisha mpishi pia, huyu mpya anaunguza maharage.

Kuhusu lile jambo, pole sana. Mimi naona usiharakishe kumlaumu mtu. Pengine Quade walisikia jina uwanjani siku ya mazoezi. Upepo hubeba maneno. Hollis Beem namjua tangu ana nywele. Ni mkaidi lakini sijawahi kumsikia akisema uongo. Ngoja kwanza.

Nina kazi. Nitaandika vizuri baadaye.

Verlin

&nbsp;

Tolliver
4 Novemba 1979

Mjomba Verlin,

Barua yako nimeipata jana, imechelewa. Ungeniambia ningoje wiki iliyopita.

Jumatatu niliwakusanya vijana chumba cha kubadilishia nguo, na Kocha Mkuu akiwepo, nikamuuliza Hollis mbele yao alizungumza nini Quade ile Jumatano. Akasema, "Tulizungumza habari za ng'ombe." Nikamwambia kuna mtu aliyeitamani kazi yangu, na mtu huyo anafurahi leo. Nilisema hivyo, mjomba. Vijana arobaini wanasikia.

Hollis alinyanyuka. Akavua filimbi shingoni, akaining'iniza kwenye msumari wa koti lake. Akamwambia Kocha Mkuu, "Miguu ya yule mdogo Tidwell imekaa vibaya, mkumbusheni akae chini zaidi." Akatoka.

Jioni hiyo mji mzima ulikuwa umejua. Kwa Thelma wamekihamishia kiti chake karibu na choo. Hakuna aliyewaambia wakihamishe. Mkewe alikwenda dukani, hakuna aliyemsalimu.

Uliuliza habari za Nadine. Yuko kwa wazazi wake Lubbock. Aliondoka baada ya kibao cha tatu, akisema atarudi msimu ukiisha, maana hadi hapo hana mume, ana mtu anayechora misalaba na duara za mashambulizi kwenye leso za mezani. Nilimpigia kumwambia habari za Hollis, nikitumaini angeniunga mkono. Aliniuliza, "Una hakika?" Nikasema nina hakika. Akasema, "Basi kwa nini umenipigia?"

Silali. Niambie nimefanya sawa.

Lyle

&nbsp;

Kambi ya Mnara Namba Nane
10 Novemba 1979

Lyle,

Safari hii sianzi na salamu, nikianza nitakimbilia humo.

Si Hollis. Ni mimi.

Mchoro wako ulifika tarehe saba Oktoba. Nilikaa nao siku moja tu. Siku hiyo Odell alikuwa amenianza tangu asubuhi, na wenzake wanacheka, na mgongo unaniuma, nami nina miaka hamsini na moja nikishika koleo na vijana. Nikaenda bwaloni nikaubandika ukutani, juu ya birika la kahawa, kila mtu auone. Nikasema kwa sauti, "Tazameni kazi ya mpwa wangu, na jina la dada yangu juu yake." Nilitaka waone kwetu kuna mtu mwenye akili. Sikufikiri zaidi ya hapo. Ndani ya kambi hii mtu husahau kuwa barua huenda na pia hurudi.

Ulikaa pale siku tisa. Odell alikunywa kahawa pale siku tisa. Shemeji yake anasaidia kufundisha Quade.

Barua yako ya tarehe ishirini na moja ilipofika nilimfuata kwenye mnara. Nikamshika kola.

"Uliandika nyumbani?"

"Niliandika. Wewe usingeandika?"

"Ulikuwa mchoro wangu!"

"Ulikuwa ukutani, Stokes. Mimi sikufungua sanduku lako. Nina macho tu."

Nilitaka kumpiga. Mkono ulinyanyuka, ukakosa sababu ya kushuka.

Nilijua yote hayo nilipokuandikia ule upuuzi wa theluji na maharage. Nilijua, nikakwambia ngoja. Nilitumaini ingepita yenyewe. Haikupita, imemwangukia mtu ambaye hakufanya kitu. Mimi ni mpumbavu, na kwa hizo siku kumi na mbili nilikuwa kitu kibaya kuliko mpumbavu.

Fanya unavyotaka na barua hii. Ukiichoma sitakuuliza. Lakini sidhani utaichoma.

Verlin

&nbsp;

Tolliver
18 Novemba 1979

Mjomba Verlin,

Barua yako ilikaa Denver siku mbili kwa theluji. Imenifikia Jumatano. Kwa saa nzima nilikaa ndani ya gari mbele ya posta, na sitakuficha, nilikitazama kiwashio cha sigara kwenye dashibodi.

Alhamisi mchana nilikwenda kwa Hollis. Alikuwa anatengeneza bawaba ya lango. Nilimsomea yote, tangu mwanzo mpaka jina lako. Hakuacha kazi. Nilipomaliza akasema, "Soma tena pale anapojiita mpumbavu." Nikasoma. "Basi. Hapo ndipo penye ukweli zaidi."

Nikamwomba msamaha. Nikamwambia arudi, na kesho yake yeye ndiye apange mashambulizi, mimi nikae na ukuta wa mbele.

"Sitaki kazi yako, Lyle. Niliitaka Machi, sasa ni Novemba."

"Unataka nini, Kocha?"

"Nataka jina langu. Ulilichukua mbele ya watu, lirudishe mbele ya watu."

Jioni ile ile niliwakusanya vijana, nikawasomea barua yako. Wengine walilia. Yule mdogo Tidwell alinitazama mimi kama alivyokuwa akimtazama Hollis wiki mbili hizi.

Ijumaa tulishinda. Ishirini kwa kumi na nne, nasi kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1970 tunaingia mchujo wa wilaya. Bodi ya shule imekwisha kuniambia nitabaki mwaka ujao. Watu walinibeba, mjomba. Kinyozi alinibusu shavuni.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kwa Thelma, pamejaa. Nikasimama nikasoma barua mara ya tatu. Nilipomaliza, mzee mmoja wa meza ya dirishani akasema, "Una moyo mzuri, kijana. Umeitunga barua hii kumwokoa Hollis."

"Sikuiandika mimi. Ni ya mjomba wangu Verlin."

"Verlin Stokes? Hajaonekana hapa miaka minne. Tena nijuavyo mimi Verlin hawezi kuandika kurasa mbili."

Wakacheka, kwa upole. Mwingine akanishika bega: "Tumeshinda, Kocha. Ya nini kufukua?" Nikawapitishia barua waione. Hakuna aliyeipokea. Kiti cha Hollis bado kiko kule karibu na choo.

Niliwaza nimwambie nini Hollis. Sijamwambia kitu. Nadhani amekwisha kusikia.

Mama amesoma barua. Alikunja, akafungua, akakunja. Akauliza kama ulikuwa unakula vizuri. Sikuelewa kama ni hasira au la.

Sina la kukuomba.

Lyle

&nbsp;

Gillette, Wyoming, kituo cha basi
25 Novemba 1979

Mpwa wangu Lyle,

Hongera kwa ushindi, na kwa mama yako salamu. Mwambie nilikuwa nakula vizuri, hadi mpishi alipobadilishwa.

Barua yako imenifikia jana. Umesema huna la kuniomba, nami nimekusikia vizuri.

Nilijaribu kumwandikia Hollis mwenyewe. Mara sita, na mara sita nimechana. Kila nikifika pa kueleza naona nimeanza kuzungumzia mgongo wangu. Tena wale wa dirishani hawatasoma karatasi. Wanachotaka ni sura.

Asubuhi hii nimemwambia msimamizi naacha. Akasema katikati ya kisima hakuna anayeacha. Nikamwambia kuna mmoja. Odell alikuwa upande wake wa koleo. Aliuliza nakwenda wapi, nikamwambia nakwenda kusema ni nani. Hakucheka. Alisema, "Sema na mimi nilikuwemo." Alininyanyulia sanduku mpaka barabarani. Ni mtu wa Quade, lakini alininyanyulia.

Posta itatangulia kwa siku moja au mbili. Nitafika Tolliver Ijumaa saa nne asubuhi, wakati kwa Thelma pamejaa. Usije kunipokea, na mama yako asije. Nitashuka kituoni na sanduku langu, nitapita mbele ya lile dirisha polepole ili waone ni nani, nami nitaingia nikae kwenye kile kiti kilicho karibu na choo. Nitawaambia nikiwa nimekaa pale. Wakimaliza kuniuliza wanayotaka, nitakibeba kile kiti mwenyewe, nikirudishe kilipokuwa.

Kutoka hapo nakwenda kwa Hollis kwa miguu. Sijui atasema nini. Naogopa, Lyle, sijaogopa hivi hata siku moja mnara ulipotuwakia moto kazini.

Mwambie mama yako asiningojee kula. Hollis akinifungulia, nitachelewa. Asiponifungulia, nitachelewa zaidi.

Mjomba wako,
Verlin